Irabu fupi na ndefu za Kiingereza: namna ya kuzitofautisha kwa sikio, kwa mdomo na kwa tahajia

Mtu akisema *I want to leave here*, amesema anataka kuondoka. Akisema *I want to live here*, amesema anataka kuishi hapo. Kinachotenganisha sentensi hizi mbili ni irabu moja, nayo ndiyo ile ambayo sikio lililozoea Kiswahili huipita bila kuigundua. Ndivyo ilivyo pia kwa *ship* na *sheep*, *hat* na *heart*, *not* na *note*.

Kosa hili halitokani na uvivu wala uzito wa ulimi. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza, kile kinachoonyeshwa katika kamusi nyingi za wanafunzi, kwa kawaida huhesabiwa irabu 20: fupi 7, ndefu 5, na 8 za mwambatano, yaani zile zinazoanzia mahali pamoja mdomoni na kuishia pengine, kama katika *day* na *boy*. Sauti 20 zikiingizwa katika nafasi tano, lazima zibanane.

Ushahidi umo katika maneno tuliyokwisha kuyaazima. Buti limetokana na *boot*, lenye irabu ndefu. Futi limetokana na *foot*, lenye irabu fupi. Kwetu yote ni u. Basi, kadi na kamera zina a ileile, ilhali *bus*, *card* na *camera* zina irabu tatu mbalimbali. Koti, soksi na tochi ni vivyo hivyo: *coat*, *socks* na *torch* hazilingani hata kidogo. Na kinyume chake, *nurse*, *shirt* na *skirt* kwa Mwingereza zina irabu moja tu, lakini kwetu zikawa nesi, shati na sketi, kwa sababu irabu ile haimo kabisa katika Kiswahili na kila neno lilipewa ile iliyoonekana kuikaribia. Katika Kiswahili maneno haya yako sawa kabisa. Shida huanza pale tunapoyarudisha kwenye Kiingereza na irabu zetu zilezile.

Neno "ndefu" lina maana mbili

Kabla ya kufanya zoezi lolote, jua mwalimu au kitabu chako kinatumia maana ipi, maana wanafunzi wengi hukwama hapa.

Katika kufundisha watoto kusoma, irabu ndefu ni ile inayotamkwa kama jina la herufi yake katika alfabeti ya Kiingereza. Herufi A husomwa karibu na "ei", E "ii", I "ai", O "ou", U "yuu". Kwa hiyo *cake*, *Pete*, *bike*, *hope* na *cube* zina irabu ndefu, na *cat*, *pet*, *bit*, *hop* na *cub* zina irabu fupi. Hapa "ndefu" ni jina tu. Irabu ya *bike* ni mwambatano wa sauti mbili, na haina undugu wa kimatamshi na irabu ya *bit*.

Kwa wanafonetiki, yaani wataalamu wa sauti za lugha, ndefu ni irabu moja inayodumu bila kubadilika, na kamusi huiwekea alama ː inayofanana na nukta mbili. Ndefu hizo ni tano: /iː/ ya *sheep*, /uː/ ya *food*, /ɑː/ ya *card*, /ɔː/ ya *torch* na /ɜː/ ya *nurse*. Fupi ni /ɪ/ ya *ship*, /e/ ya *bed*, /æ/ ya *cat*, /ɒ/ ya *hot*, /ʊ/ ya *foot*, /ʌ/ ya *bus*, na /ə/, ile dhaifu inayosikika mwishoni mwa *teacher*. Ukikuta kamusi yenye mstari mdogo juu ya herufi, kama ā, ujue unatumia kamusi ya mtindo wa Kimarekani, kama Merriam-Webster, na mstari huo kwa kawaida unafuata ile maana ya kwanza. Ukikuta ː, ni maana ya pili. Katika mwongozo huu maana ya pili ndiyo inayotumika kwa matamshi, na ya kwanza inarudi tutakapofika kwenye tahajia.

Mkanganyiko huu una historia yake. Takriban kati ya mwaka 1400 na 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilihama mdomoni karibu zote. Mtaalamu wa lugha Mdenishi, Otto Jespersen, ndiye aliyeyapa mabadiliko hayo jina linalotumika hadi leo. Kabla ya hapo *name* lilitamkwa karibu na vile Mswahili angelisoma kwa herufi zake, na-me, a ikivutwa. Lakini William Caxton alianzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda wakati matamshi bado yanahama. Ndiyo maana herufi moja ya Kiingereza leo ina sauti mbili zisizofanana.

Urefu peke yake haukutoshi

Hili ndilo jambo zito kuliko yote, na vitabu vingi vya shule hulipita juujuu. Mwanafunzi huambiwa: *ship* ni fupi, *sheep* ni ndefu. Naye hufanya alichoambiwa: huchukua i yake ya Kiswahili, akaikata kwa *ship* na kuivuta kwa *sheep*. Mwingereza akimsikiliza husikia *sheep* mara mbili, moja imesemwa haraka na nyingine polepole.

Kinachotofautisha irabu hizi kwanza ni mahali pa ulimi na umbo la midomo. Muda ni msaidizi tu, tena msaidizi asiyetegemeka, kwa kuwa hubadilika kulingana na konsonanti inayofuata. Mbele ya konsonanti zisizo ghuna, yaani p, t, k, f, s, ch na sh, irabu hukatwa na kubaki takriban theluthi mbili ya urefu inaokuwa nao mbele ya ghuna kama b, d, g, v na z. Kuzitambua, shika koo: konsonanti ikilitetemesha, ni ghuna.

Sasa weka maneno manne pamoja: *bead*, *beat*, *bid*, *bit*. Irabu ya *beat* ni "ndefu", lakini t imeikata. Irabu ya *bid* ni "fupi", lakini d imeiacha ijivute. Ukipima muda, hizo mbili zinaweza kutoka sawa kabisa. Anayesikiliza muda peke yake atazichanganya. Anayesikiliza rangi ya sauti hatazichanganya. Mfano mwingine ni /æ/: huwekwa kwenye kundi la fupi, lakini katika *bad* na *man* wasemaji wengi huivuta kiasi cha kuwa ndefu kama ndefu zenyewe.

Hata kamusi zilichangia kosa hili. Mwanafonetiki wa Uingereza, Daniel Jones, alichapisha kamusi yake maarufu ya matamshi mwaka 1917, na kwa miongo mingi mfumo wake uliandika irabu za *sheep* na *ship* kwa alama ileile ya i, tofauti ikiwa ni nukta mbili tu za urefu. A. C. Gimson, aliyekuja kuihariri kamusi hiyo baadaye, ndiye aliyebadilisha hilo katika toleo la mwaka 1977, akatumia maumbo mawili, /iː/ na /ɪ/, ili msomaji aone kwamba ni sauti mbili. Ukiwa na kitabu cha zamani kinachotumia i na i:, kumbuka hilo.

Tahadhari nyingine inahusu irabu zetu zilizofuatana, kama katika kata na kataa, au kufa na kufaa. Katika kataa kuna silabi tatu, ka-ta-a, na mkazo umehama. Irabu ndefu ya Kiingereza ni silabi moja isiyogawanyika. Usitamke *sheep* kama "shi-ip".

Mdomoni: anza na ship na sheep

Tafuta kioo na mahali patulivu.

1. Tamka neno siku, kisha ushikilie i yake: siii. Midomo imetanuka kidogo kama ya mtu anayetabasamu, meno yako karibu kugusana, na pande za ulimi zinagusa magego ya juu. Hiyo ndiyo takriban irabu ya *sheep*. Kwa hiyo *sheep* ndilo neno jepesi kwetu. Kazi iko kwenye *ship*.
2. Weka kidole cha shahada chini ya kidevu. Bila kukata sauti, legeza midomo mpaka tabasamu liishe, na uache kidevu kishuke kidogo sana. Sauti itafifia na kulegea.
3. Endelea kushuka polepole mpaka ufike kwenye e ya sema. Rudia safari hiyo, i hadi e, mara kadhaa, ukisikiliza kinachopita katikati.
4. Sasa simama katikati ya safari. Hapo ndipo ilipo /ɪ/. Ikate papo hapo kwa p: *ship*. Funga midomo, usiifungue tena.

Mpe mtu anayekijua Kiingereza vizuri akusikilize. Akisikia "shep", umeshuka mno, panda kidogo. Akisikia *sheep*, hujashuka vya kutosha. Kama lazima ukosee, ni afadhali kukosea kwa kushuka mno: i ya Kiswahili ina nguvu ya kukurudisha juu, na baada ya siku chache utajikuta mahali panapofaa.

Ukishaipata, zungusha jozi hizi: *live* na *leave*, *fill* na *feel*, *hit* na *heat*, *chip* na *cheap*, *sin* na *seen*, *rich* na *reach*, *slip* na *sleep*. Fanya mazoezi ya kutosha kwa *sheet* na *beach*. Zikifupishwa ovyo na kulegezwa hugeuka matusi.

Kosa la irabu ya nyongeza mwishoni

Kuna jambo linaloharibu kazi yote hiyo hata kwa mtu aliyekwisha kupata irabu sahihi. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo ulimi hupenda kulifunga neno la kigeni kwa kirabu kidogo: *ship* inakuwa "shipu", *bed* inakuwa "bedi". Madhara yake si ule u wa mwisho tu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo. Ukishaongeza u, silabi "shi" imekuwa ya pili kutoka mwisho, na bila kukusudia unaivuta: "shíipu". Irabu fupi imekuwa ndefu kwa sheria ya Kiswahili, na msikilizaji anasikia *sheep*.

Dawa yake ni kuizuia konsonanti ya mwisho isifunguke. Kwa p na b, funga midomo na uibane mpaka uhesabu mbili. Kwa t na d, ncha ya ulimi ibaki imeganda kwenye ufizi wa juu. Kwa k na g, nyuma ya ulimi ibaki imebana. Sauti itasikika kama imekatwa, nawe utadhani neno halijaisha. Limeisha. Zoea hali hiyo kwanza kwa maneno ya irabu fupi: *cup*, *bit*, *book*, *bag*. Kisha yaweke katikati ya sentensi mahali ambapo neno linalofuata huanza kwa konsonanti, kama *a big ship came*, kwa kuwa hapo ndipo kirabu cha nyongeza hupenda kujipenyeza.

Irabu zilizobaki

*Jamii ya a.* Kiingereza kina tatu zinazoangukia kwenye a yetu. Iliyo karibu zaidi ni /ʌ/ ya *bus*, *cup*, *love*, *money*: tamka a ya Kiswahili, kinywa kisifunguke sana, na uikate. Kwa /ɑː/ ya *card*, *heart*, *father*, *half*, fungua kinywa kama unapomwonyesha daktari koo, ulimi ulale chini na nyuma, na uishikilie. Kwa /æ/ ya *cat*, *bad*, *man*, anza na e ya sema, ncha ya ulimi ikae nyuma ya meno ya chini, kisha shusha taya mpaka karibu vidole viwili vipite kati ya meno, ukiendelea kujaribu kusema e. Tamka kwa utatu: *cat*, *cut*, *cart*, *hat*, *hut*, *heart*, *match*, *much*, *march*. Halafu linganisha /æ/ na /e/, maana kwetu hizo nazo huangukiana: *bad* na *bed*, *man* na *men*. Ndicho kilichotokea kwa benki na benchi, zenye e moja ingawa *bank* ina /æ/ na *bench* ina /e/.

*Jamii ya o.* /ɒ/ ya *hot* ni o ya Kiswahili yenye taya lililoshuka zaidi na iliyokatwa. /ɔː/ ya *torch*, *law*, *walk*, *short* ina midomo iliyobana na kujaa mviringo, nayo hushikiliwa. Irabu ya *coat*, *note* na *go* ni mwambatano: midomo huanza imelegea na humaliza imeviringa, na ukiangalia kwenye kioo lazima uione ikisogea. Isiposogea, umesema o yetu. Jaribu *pot* na *port*, *shot* na *short*, *cot*, *caught* na *coat*, *want* na *won't*. Ile jozi ya mwisho ni muhimu kazini: moja ni kutaka, nyingine ni kukataa.

*Irabu ya nurse.* Hii inahitaji subira, kwa kuwa hakuna pa kuanzia katika Kiswahili. Shikilia e ya sema, kisha, bila kusogeza taya, vuta ulimi nyuma kidogo na uulaze, na uache midomo ibaki haikutanuka wala haikuviringa. Sauti itakuwa butu, haifanani na a wala e. Ndiyo hiyo /ɜː/. Kwa matamshi ya Uingereza usikunje ulimi kutafuta r. Maneno yake ni ya kila siku: *first*, *girl*, *work*, *world*, *learn*, *early*, *journey*. Linganisha *bird* na *bed*, *first* na *fast*, *shirt* na *shut*, na hasa *work* na *walk*, ambazo zote ni ndefu lakini si za mahali pamoja.

Dada yake mfupi ni /ə/, irabu ya silabi zisizo na mkazo. Angalia *banana* kwa karibu. Herufi ni a tatu, na Mswahili huzisoma sawasawa. Mwingereza hutamka /bəˈnɑːnə/: ya kwanza na ya tatu zimefifia karibu kupotea, ya katikati ndiyo ndefu na yenye mkazo. Anayezipa zote tatu uzito mmoja humnyima msikilizaji alama ya kumwonyesha ipi ndefu.

*Jamii ya u.* /uː/ ya *food* ina midomo iliyochongoka kama ya kupuliza mshumaa. /ʊ/ ya *foot* ina midomo iliyolegea, nusu ya njia kutoka u kwenda o. Habari njema ni kwamba maneno ya kila siku yenye /ʊ/ ni machache, unaweza kuyakariri: *book*, *look*, *cook*, *took*, *good*, *wood*, *stood*, *foot*, *wool*, *put*, *push*, *pull*, *full*, *bull*, *bush*, *butcher*, *sugar*, *could*, *should*, *would*, *woman*, *wolf*.

Kusoma dalili katika tahajia

Tahajia ya Kiingereza haiaminiki kama yetu, lakini si ya kubahatisha tu. Hapa irabu "ndefu" ni pamoja na za mwambatano.

Anza na kanuni ambayo haitangazwi sana ingawa inafanya kazi vizuri: neno la silabi moja lenye mkazo likiishia kwa sauti ya irabu, irabu hiyo ni ndefu au ya mwambatano, daima. *See*, *two*, *law*, *day*, *go*, *me*, *my*. Irabu fupi za Kiingereza zenye mkazo haziwezi kusimama mwishoni bila konsonanti ya kuzifunga.

Herufi moja ya irabu iliyofungwa kwa konsonanti kwa kawaida ni fupi: *pen*, *sit*, *hot*, *cup*. Ukiongeza e isiyotamkwa mwishoni, irabu huchukua jina la herufi yake: *hat* na *hate*, *bit* na *bite*, *hop* na *hope*, *cut* na *cute*. Kanuni hii ina kundi moja kubwa la waasi: *have*, *give*, *live*, *love*, *glove*, *above*. Sababu ni kwamba desturi ya tahajia hairuhusu neno la Kiingereza kuishia na v tupu, kwa hiyo e hapo imewekwa kuisitiri v, haina kazi na irabu. Jihadhari na *live*: likiwa kitenzi lina /ɪ/, likimaanisha matangazo ya moja kwa moja lina "ai". Waasi wengine ni *come*, *some*, *done*, *gone*.

Konsonanti iliyoandikwa mara mbili huilinda irabu fupi iliyo mbele yake. *Dinner* ni chakula, *diner* ni mlaji. *Hopping* ni kurukaruka kwa mguu mmoja, *hoping* ni kutumaini. *Filling* ni kujaza, *filing* ni kupanga mafaili. Herufi ck hufanya kazi hiyohiyo: *back* na *bake*, *lick* na *like*. Mwanafunzi anayekosea kuandika *dining* kama "dinning" mara nyingi hana shida ya herufi, ana shida ya sikio, na kumrekebisha herufi pekee hakutamsaidia.

Irabu mbili zilizoandikwa pamoja huwa ndefu mara nyingi: *ee*, *ai*, *oa*. Msumbufu ni *ea*. Kwa kawaida ni /iː/, kama *leave* na *cheap*, lakini ni fupi /e/ katika *bread*, *head*, *dead*, *death*, *breath*, *heavy*, *ready*, *weather*, *health*, *meant*, na ni "ei" katika *great*, *break* na *steak*. *Read* lina zote mbili: /riːd/ wakati uliopo, /red/ wakati uliopita. Herufi *oo* ni ndefu katika *food*, *moon*, *school*, fupi karibu kila inapofuatwa na k, na katika *blood* na *flood* ni /ʌ/.

Irabu ikifuatwa na r katika silabi ileile, kwa Mwingereza r humezwa na irabu hurefuka: *ar* huwa /ɑː/, *or* huwa /ɔː/, na *er*, *ir*, *ur* zote tatu huwa /ɜː/. Ila w ikitangulia, mambo huhama hatua moja: *war* na *warm* zina /ɔː/, *word*, *work* na *world* zina /ɜː/. Hata bila r, w huivuta a kwenda kwenye o: *want*, *wash*, *watch*, *what*. Ukishajua nguvu ya w, maneno mengi yaliyoonekana kama vurugu hujipanga.

Maneno yanayoishia na *-ild*, *-ind*, *-old* na *-ost* mara nyingi huwa na irabu ndefu ingawa yamefungwa kwa konsonanti: *child*, *find*, *cold*, *most*. Na yapo ya kukariri tu: *busy*, *business*, *women*, *England*, *build* zina /ɪ/, *people*, *key*, *police*, *machine* zina /iː/, *said*, *says*, *any*, *many*, *friend*, *bury* zina /e/.

Chagua pia matamshi ya kufuata. *Bath*, *ask*, *glass* na *dance* zina /ɑː/ kusini mwa Uingereza, lakini /æ/ Marekani. *Hot* ya Mmarekani inaelekea kwenye a, na Wamarekani wengi hawatofautishi kabisa *cot* na *caught*. Anayejifunza kwa kamusi ya Uingereza huku akitazama filamu za Marekani atadhani sikio lake ndilo bovu.

Zoezi la sikio

Sikio litangulie mdomo. Chukua jozi moja tu, andika maneno kumi, matano ya kila upande, kwa mpangilio uliochanganywa. Mtu mwenye matamshi mazuri ayasome, au tumia sauti za kamusi za mtandaoni, kama za Cambridge na Oxford, zenye matamshi ya Uingereza na Marekani. Wewe onyesha kidole kimoja kwa fupi, viwili kwa ndefu. Usihamie jozi nyingine mpaka upate 9 kati ya 10 katika raundi tatu mfululizo. Kupata 5 ni bahati tupu, na 6 au 7 bado hakuthibitishi chochote.

Walimu wa madarasa makubwa: wanafunzi wafumbe macho wanapoinua vidole, la sivyo watamwiga aliye mbele. Na msiegemee kuitikia kwa pamoja. Sauti ya darasa zima huwaficha wale wanaohitaji msaada.

Sikio likishakubali, jirekodi kwa simu ukisoma maneno 20 yaliyochanganywa. Sikiliza kesho yake bila kuangalia karatasi, andika unachosikia, kisha linganisha. Ukitumia huduma ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi, sema neno katika sentensi isiyolitabiri, kama *I said ship*. Ukisema *the ship is in the harbour*, simu itaandika *ship* hata ukikosea, kwa kuwa inakisia kutokana na maneno ya jirani. Mwenye kompyuta anaweza kufungua rekodi katika Audacity, programu ya bure, apanue mawimbi na kupima irabu ya *beat* na ya *bid*. Akiona zinalingana, hiyo si kasoro ya kinywa chake, ni t na d zinafanya kazi yake.

Kuhusu mpangilio: anza na /ɪ/ na /iː/, kwa kuwa jozi zake ni nyingi na nyingine zina aibu. Fuata na /ɜː/, ambayo huchukua muda mrefu kukomaa, kisha jamii ya a, kisha ya o. *Full* na *fool* ziache mwisho. Jozi za namna hiyo ni chache, na mara nyingi sentensi yenyewe humwambia msikilizaji ni ipi.